Kumchora nyanya katika giza la magharibi kwa rangi chache

Msomaji mmoja wa Majengo, Mombasa, ameuliza hivi: “Shikamoo mwalimu. Tangu babu atutoke mwaka uliopita, nyanya amezoea kuketi kizingitini jioni mpaka magharibi iingie, buibui limemshuka mabegani, ameshika tama, hasemi na mtu. Nimejaribu kumchora kwa rangi za akriliki kwenye kanvasi ya futi mbili kwa tatu. Nilidhani picha ya majonzi lazima iwe nyeusi, kwa hiyo niliipaka kanvasi nzima rangi nyeusi, kisha nikawa naongeza nyeupe kidogo kidogo. Uso umetoka wa kijivu, buibui limekuwa tundu jeusi lisilo na umbo, na watu wa nyumbani wanasema nyanya anaonekana mgonjwa. Je, ninunue rangi gani, nianze vipi, na hii picha niliyoiharibu niitupe ama yaweza kuokolewa?”

Marahaba, binti yangu. Nimelisoma swali lako kwa makini, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba sehemu ngumu kuliko zote umekwisha kuifanya: umemtazama nyanya yako kwa muda mrefu kiasi cha kujua anaketi vipi, saa ngapi, na mkono wake uko wapi. Kilichokuangusha ni mpangilio wa kazi. Uliamua kwamba majonzi ni weusi, ukaanza na weusi, na baada ya hapo kila ulichoongeza kikawa ni kupigana nao. Picha ya huzuni huanza kwa uamuzi wa namna nyingine, yaani ni kipi cha mtu huyu kitakachobaki kwenye mwanga na ni kipi kitakachozama gizani, na uamuzi huo hufanywa kwa mkaa na karatasi kabla ya tyubu yoyote kufunguliwa. Nitafika kwenye mkaa baada ya kulimaliza suala la rangi, kwa kuwa ndilo uliloliuliza kwanza.

Uso umetoka kijivu kwa sababu ya tabia za rangi mbili ulizozitegemea. Nyeusi nyingi za tyubu, hasa ile inayotokana na mifupa iliyochomwa, zikikutana na nyeupe hutoa kijivu kinachoelekea bluu, na nyeupe ya titani, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi siku hizi, ni nzito na ya baridi, hufifisha kila rangi inayochanganywa nayo. Ngozi ya kahawia ya wazee wetu ina wekundu na unjano ndani yake, hata pale ilipo kwenye kivuli kizito. Ukiipandisha mwanga kwa nyeupe peke yake unaiondolea damu, na huo ndio ugonjwa waliouona watu wa nyumbani. Ipandishe kwanza kwa udongo wa njano, halafu kwa kahawia nyekundu, na nyeupe iingie mwisho kabisa, kiasi cha ncha ya kisu, mahali pachache tu. Vitabu vingi vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya huanza maelezo ya ngozi kwa nyeupe na waridi. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kuitazama ngozi nyingine. Usihangaike kuyarekebisha, yaache.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu ngozi nyeusi ambalo wachoraji wachanga hulikosa, na ambalo likieleweka nusu ya kazi ya uso imekwisha. Pale mwanga unapogonga paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua na fundo za vidole, ngozi yetu hung'aa, na ule mng'ao huchukua rangi ya mwanga wenyewe kuliko rangi ya ngozi. Nyanya yako akiwa kizingitini wakati wa magharibi, mwanga unaomfikia unatoka kwenye anga, kwa hiyo ule mng'ao ni wa bluu hafifu au wa kijivu baridi, na mara tu unapouvuka unaingia kwenye kahawia yenye joto. Angekuwa ameketi karibu na taa ya ndani, mambo yangegeuka: mng'ao ungekuwa wa njano na vivuli vingeonekana vimepoa. Kijivu, basi, kina haki yake usoni, lakini ni haki ya alama chache ndogo zilizozungukwa na joto. Wewe ulikitandaza shavu zima.

Nunua tyubu tano: nyeupe ya titani, oka, yaani ule udongo wa njano iliyofifia, siena iliyochomwa, ambayo ni kahawia yenye wekundu, amba iliyochomwa, ambayo ni kahawia nzito kabisa, na bluu ya altramarini. Oka, siena na amba zote asili yake ni udongo wenye oksidi za chuma, na amba ina manganizi pia, ambayo ndiyo inayoipa uzito wake. Kwa kuwa ni za ukoo mmoja zinapatana zenyewe, na hilo ni faida kubwa kwa picha ya namna hii, ambapo rangi moja ngeni inaweza kuivunja hali nzima. Nyekundu kali sikuiweka kwa makusudi. Siena inatosha kwa wekundu wa midomo, wa kope na wa masikio, na ikizungukwa na giza baridi itaonekana nyekundu kuliko ilivyo.

Nyeusi ya tyubu iweke kando kwa picha hii, giza ulitengeneze mwenyewe. Changanya amba na altramarini kwa kisu, karibu sawa kwa sawa, na utapata rangi ambayo jicho linaiona nyeusi. Ukiongeza amba, giza hilo linapata joto. Ukiongeza bluu, linapoa. Ukitia siena kidogo, linaelekea kwenye ule wekundu wa ndani ya mkunjo wa kiganja. Ukitaka kujua giza lako linaelekea wapi, chukua kidogo ulichanganye na nyeupe kwenye kona ya ubao, maana giza tupu huficha rangi yake na nyeupe huifichua. Kabla hujagusa kanvasi, paka kwenye kipande cha kadibodi mistari minne ya giza, miwili ya joto na miwili ya baridi, uiache ikauke, kisha uitazame kwa umbali wa hatua tatu. Rangi za akriliki zikikauka huzidi kuwa nzito kidogo, kwa sababu gundi yake ikiwa mbichi ina weupe wa maziwa ambao huondoka ikikauka. Kwenye picha yenye rangi nyangavu tofauti hiyo haidhuru sana. Kwenye picha ya giza inaweza kumeza hatua nzima ya kivuli uliyoihangaikia, kwa hiyo changanya kila kivuli kiwe na mwanga kidogo kuliko unavyokitaka, na usihukumu chochote kilicho kibichi.

Wapo waliofanya kazi kwa rangi chache kuliko hizo. Anders Zorn wa Uswidi, aliyeishi kati ya 1860 na 1920, anajulikana kwa kuchora watu kwa rangi nne: nyeupe, oka, nyekundu ya vamilioni na nyeusi ya mifupa. Katika mpangilio wake nyeusi ndiyo inayofanya kazi ya bluu, kwa ule ubaridi niliokwisha kuutaja. Kijivu chake kikikaa karibu na nyekundu huonekana bluu, na nyeusi hiyo hiyo ikichanganywa na oka hutoa kijani cha zeituni kinachofaa sana kwa vivuli vya shingoni. Kwa hiyo nyeusi siikatazi milele. Nakuomba uisubirishe mpaka mkono wako uzoee kuona kwamba kuna giza la aina nyingi.

Na kama bado moyo unakuambia kwamba rangi chache ni upungufu, nenda Fort Jesus, haiko mbali nawe. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na humo imehifadhiwa michoro ya ukutani ya enzi zao, vyombo vya baharini na maumbo ya watu, iliyofanywa kwa weusi wa kaboni na udongo mwekundu juu ya lipu. Ni rangi mbili tu na weupe wa ukuta, lakini ukisimama mbele yake hukosi kuona mtu yupi amesimama na chombo kipi kinakwenda.

Sasa tufike kwenye mkaa. Chukua karatasi ya kaki, ile ya kufungia vitabu vya shule, pamoja na mkaa wa kuchorea na chaki nyeupe, umchore nyanya mara nyingi kwa vipimo vidogo, kila mchoro usizidi kiganja. Rangi ya kaki ndiyo mwanga wako wa katikati, mkaa unashuka hatua mbili chini yake, mmoja wa kupakaza kwa kidole na mmoja wa kukandamiza, na chaki inapanda hatua mbili juu. Hizo ni hatua tano, na picha yako yote haihitaji zaidi. Finya macho mpaka usione tena kope wala nyuzi za buibui, uone mabonge ya giza na mwanga tu, na uchore mabonge hayo. Katika kila mchoro chaki iguse mahali pamoja au pawili, na ujaribu kupabadilisha: mara paji la uso na fundo za vidole, mara ukingo wa shavu peke yake, mara ule mkono mwingine uliolala mapajani huku uso wote uko gizani. Utashangaa kuona kwamba kwa umbo lile lile, kuhamisha mwanga kunambadilisha mtu. Huu wa mwisho, wenye uso uliozama na mkono uliobaki, mimi ningeufikiria sana kabla ya kuuacha. Käthe Kollwitz wa Ujerumani, aliyempoteza mwanawe vitani mwezi Oktoba 1914, aliyachora na kuyachapa majonzi ya akina mama kwa weusi na weupe, na mara nyingi mikono ndiyo iliyobeba kilio chote. Hapa kwetu Kenya, Peterson Kamwathi amejulikana kwa michoro mikubwa ya watu kwa mkaa, na ukipata nafasi ya kuiona kazi yake kwa macho usiikose.

Ukiwa na mkaa mkononi, litazame pia umbo lenyewe. Kushika tama kunasomeka upesi mno, na hapo ndipo penye hatari: mtazamaji akishauona mkono shavuni anajiambia kwamba ameelewa, basi haendelei kutazama. Tafuta uzito unaangukia wapi. Kiganja kikibeba kichwa kweli, nyama ya shavu husukumwa juu na jicho la upande ule huwa jembamba kuliko la pili. Kifundo cha mkono hujikunja. Kiwiko huzama kwenye goti na kulivuta buibui, likafanya mikunjo inayokutana pale pale. Bega la upande ule hupanda na la pili hushuka. Ukivichora vitu hivi vinne kwa usahihi, huhitaji kuinamisha midomo wala kuongeza chozi. Tena uangalie mgongo. Mgonjwa hulegea mwili mzima, lakini mzee mwenye majonzi aliyeketi mlangoni pake bado anajishika: mara nyingi shingo imeinama huku mgongo wa chini umesimama. Naamini hiyo ni tofauti nyingine kati ya picha uliyoichora na ile uliyoikusudia.

Mwanga wa magharibi kwetu ni mfupi. Tuko kama nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na jua likishazama, baada ya dakika 20 hivi kilichobaki ni taa za nyumba. Kwa muda huo huwezi kumaliza picha, kwa hiyo usijaribu. Keti naye jioni kadhaa na vipande vya kadibodi, na kila jioni uandike kwa rangi mambo matatu tu: rangi ya shavu kwenye mwanga, rangi ya shavu kwenye kivuli, na rangi ya ule upenyo wa mlango nyuma yake. Simu itakusaidia kwa umbo lakini itakudanganya kwa giza, kwa kuwa kamera za simu nyingi usiku huinua mwanga zenyewe ili kila kitu kionekane. Ukipiga picha, punguza mwanga kwa mkono mpaka skrini ilingane na unachokiona, halafu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe ili ikusaidie kuzihesabu zile hatua tano. Taa ya ndani ukiweza izime. Ikibaki, itamtia mstari wa njano sikioni na shingoni, na utakuwa na mianga miwili inayogombea picha moja; anayeanza na achague mmoja.

Ukija kufanya kazi ndani mchana kutokana na michoro yako, utakutana na ushauri wa vitabuni kwamba chumba cha mchoraji kiwe na dirisha la kaskazini. Ushauri huo ni wa Ulaya, ambako jua halipiti upande huo. Mombasa, kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini kwetu, na miezi iliyobaki liko kusini. Basi hamisha kiti chako kufuata majira, dirisha la kusini wakati wa kusi na la kaskazini wakati wa kaskazi, au tafuta dirisha linalotazama kichochoro chembamba, maana mwanga ulioshuka kati ya kuta mbili hautikisiki mchana kutwa.

Kanvasi mpya usiipake nyeusi. Ipake amba iliyopunguzwa kwa maji na siena kidogo, kwa brashi pana, bila kuilainisha, mpaka uwe na kahawia ya katikati yenye alama za brashi. Ikikauka, chora mabonge yako makuu kwa mkaa, upulize vumbi, kisha weka kwanza giza, jembamba na lenye kupenyeka, ili ile kahawia ya chini iendelee kupumua ndani yake. Mwanga ndio utakaoubebesha rangi nzito baadaye. Rembrandt wa Uholanzi, katika picha zake za uzeeni, aliziacha sehemu nyingi za giza zikiwa nyembamba huku paji la uso na pua akivijenga kwa rangi nene inayosimama juu ya kanvasi, na macho hukimbilia pale penye unene hata kabla mtu hajatambua kwa nini. Akriliki inakubali njia hiyo vizuri. Tatizo lake hapa pwani ni kukauka, hasa miezi ya kaskazi, ambapo upepo wa dirishani unaweza kuikausha brashi kabla hujarudi kwenye ubao. Weka chupa ya kunyunyizia maji karibu, tandika kitambaa chenye unyevu chini ya karatasi ya kuchanganyia rangi, feni iangalie kwingine, na umalize sehemu moja kwa wakati.

Buibui ndilo litakaloamua kama picha hii ni ya mchoraji au ya mwanafunzi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ulipolipaka nyeusi tupu ulilipaka jina lake, kitu cheusi, bila kuangalia lilivyo pale lilipo. Nenda kalitazame kwa karibu jioni moja, nyanya akiwa amelivaa. Juu ya bega, pale kitambaa kinapolala kulielekea anga, si jeusi hata kidogo. Ni bluu ya kijivu, na kama ni buibui la siku nyingi lililopigwa jua na kufuliwa mara kwa mara, lina kahawia au kijani kwa mbali. Linaposhuka kifuani linageuka kutoka kwenye anga na kupoteza ile bluu. Ndani ya mkunjo, pale mwanga haufiki kabisa, ndipo penye giza zito, na giza hilo lina joto, kwa sababu mwanga pekee unaoingia humo umekwisha kugonga kitambaa, ngozi au kizingiti. Kwa hiyo unahitaji giza la aina tatu tu. La bega: altramarini nyingi, amba kidogo, na nyeupe isiyofika nusu ya punje ya mchele. La kifuani: amba na altramarini sawa kwa sawa. La ndani ya mkunjo: amba na siena na bluu kidogo, bila chembe ya nyeupe, lipakwe jembamba kwa kimiminika cha kupunguzia akriliki. Ukifinya macho hatua hizi tatu karibu zitaungana kuwa kitu kimoja, na ndivyo inavyotakiwa. Ukifumbua macho, bega linatokeza.

Mikunjo usiihesabu. Ile inayotoka kwenye kiwiko na kuvutwa kuelekea bega inabeba uzito wa mwili, hiyo uichore. Ile ya magotini mingi ni mapambo, iache izame. Na ule ukingo wa buibui unaopakana na giza la mlango, kwa upande usio na mwanga, ufute kabisa. Chukua brashi pana yenye giza la kifuani, uvute kutoka ndani ya buibui kwenda mlangoni kwa mkupuo mmoja, usionekane mpaka kati ya mtu na nyumba. Wengi huogopa hatua hii kwa kudhani kwamba umbo litapotea, lakini jicho la mtazamaji hulijaza lenyewe, na ule mpaka uliopotea ndio unaosema kwamba nyumba ile imemwelemea kuliko kope zote utakazozichora. Ukingo mmoja uache mkali: pale shavu lenye mwanga linapokutana na kitambaa. Mwingine unaweza kuwa kwenye kidole cha kati. Zaidi ya hapo utakuwa unavutana na mwenyewe.

Katika jambo hili la kuachia nafasi tupu sijaona mwalimu mkubwa kuliko Francisco Goya wa Hispania. Akiwa mzee na kiziwi, kati ya mwaka 1819 na 1823 hivi, alichora moja kwa moja kwenye kuta za nyumba yake karibu na Madrid picha 14 ambazo leo huitwa Picha Nyeusi. Baadaye zilibanduliwa na kuhamishiwa kwenye kanvasi, nazo zimo katika jumba la Prado. Moja inaonyesha kichwa cha mbwa tu, kidogo, chini ya eneo kubwa la rangi ya udongo lisilo na kitu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba mbwa yule yuko peke yake. Ile nafasi imesema. Kanvasi yako ina urefu wa futi tatu. Mpe nyanya theluthi mbili za chini, na ule weusi wa mlango juu ya kichwa chake usiupambe kwa kalenda, wala taa, wala nakshi.

Kuhusu brashi nina machache. Tumia kubwa kuliko unayoitamani, ya nywele ngumu, na ndogo ufiche mpaka siku ya mwisho. Kila mpigo ufuate uelekeo wa umbo, ukilizunguka shavu, ukishuka na mkono, na ukishauweka usiurudie kuulainisha, kwa kuwa hisia nyingi za picha ya aina hii zimo katika mipigo iliyoachwa ilivyotua. Siku moja ukihamia rangi za mafuta, utapata muda mrefu wa kuchanganya papo hapo kwenye kanvasi, lakini kumbuka kwamba safu za chini ziwe na mafuta machache kuliko za juu, la sivyo picha itapasuka. Kwamba amba hukauka upesi na kufifia, ikahitaji kupakwa mafuta kidogo ya kitani ili weusi wake urudi. Na kwamba vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa kwenye ndoo, kwa maana hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke, au vitie majini.

Umeniuliza kama picha ya kwanza uitupe. Usiitupe. Ule uso wa kijivu, kama umbo lake na hatua zake za mwanga ziko sawa, tayari ni msingi ambao wachoraji wa zamani waliutengeneza kwa makusudi: waliujenga uso wote kwa kijivu kwanza, kisha wakaupa rangi kwa safu nyembamba zinazopenyeka. Nunua kimiminika cha akriliki kinachouzwa kwa kazi hiyo, kwa sababu maji peke yake huifanya rangi idhoofike na kushika vibaya, uchanganye nacho siena kidogo sana mpaka ifanane na chai ya rangi, uipake uso mzima kwa brashi laini, na uifute kwa kitambaa pale penye mng'ao. Iache ikauke kabisa. Safu ya pili iwe ya oka kwenye paji la uso na mashavu. Ya tatu iwe ya amba na siena chini ya taya, kwenye tundu za macho na upande wa shingo ulio kivulini. Kijivu kitapata joto kutoka juu bila kupoteza umbo, na ile ming'ao michache uliyoiacha itabaki baridi inavyostahili. Buibui likwangue kwa msasa laini mpaka uso wake uparuze, ulipake bega peke yake ile bluu ya kijivu niliyoieleza, na mikunjo miwili mitatu inayotoka kwenye kiwiko. Weusi uliobaki uache kama ulivyo. Fanya hivyo kwenye picha hii ya zamani kwanza, kabla ya kuigusa kanvasi mpya, ili mkono wako uwe umekwisha kuujua uso wa nyanya kwa rangi zake mwenyewe.